UZI: Hedseti za AR za kuchezea gemu, bei yake halisi nani anailipa?

Mzee_wa_Pikseli (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila kampuni kubwa ikitoa hedseti mpya ya kuvaa usoni, humu linarudi swali lile lile: hivi vitu vya AR vitashuka bei lini na sisi tucheze? Na jibu nalo ni lile lile: tulieni, zitashuka kama simu zilivyoshuka. Jibu hilo mimi silikubali, na nitaeleza kwa bei zenyewe. Dola nitaihesabu kwa shilingi 2,500 za Tanzania ili hesabu iwe nyepesi. Anayetaka ya Kenya azidishe kwa 129.

Kabla ya bei kuna jambo moja la kiufundi, maana pesa yote inaanzia hapo. AR inakuachia chumba chako halafu inabandika vitu juu yake: zimwi linachungulia nyuma ya kochi, ukuta wa sebuleni unatoboka. Zipo njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kioo angavu. Chumba unakiona kwa macho yako mwenyewe, na picha inaingizwa ndani ya kioo kutoka pembeni, inasafiri humo mpaka mbele ya jicho. Ya pili ni ya kamera. Macho yamefunikwa kabisa, ila kamera za mbele zinakurushia video ya chumba kwenye skrini mbili ndogo, na zimwi linachorwa juu ya video hiyo.

Kila mtu anaota ile ya kioo, na ndiyo iliyokula pesa za watu. Google Glass ya 2013 iliuzwa dola 1,500, na hiyo wala haikuwa ya gemu. Juni 2015, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Microsoft walipanda jukwaani na hedseti yao ya HoloLens wakaweka ulimwengu mzima wa gemu ya Minecraft juu ya meza. Ukumbi ulilipuka. Kilichokuwa hakionekani ni kwamba kamera ya onyesho ilikuwa inaona meza yote, wakati mvaaji halisi wa hedseti ile alikuwa anachungulia kwenye dirisha dogo katikati ya macho, nyuzi kama 30 tu kwa upana. Ukigeuza kichwa kidogo, nusu ya ngome imekatika. Ilipotoka Machi 2016 ilikuwa dola 3,000, yaani milioni 7.5, na kwa watengenezaji wa programu tu.

Kisha wakaja Magic Leap wa Florida. Hawa walikusanya zaidi ya dola bilioni 2 kabla ya kuuza kitu chochote, na Google ilikuwa miongoni mwa walioweka pesa mwaka 2014. Agosti 2018 wakatoa Magic Leap One kwa dola 2,295. Gemu za kuchezea humo zilihesabika kwa vidole. Aprili 2020 wakapunguza wafanyakazi wapatao 1,000 na kutangaza kwamba sasa wanahudumia makampuni. Magic Leap 2 ya 2022 ikaja na bei ya dola 3,299, walengwa wakiwa hospitali na viwanda. Microsoft nao njia ikawa hiyo hiyo: HoloLens 2 ya 2019 kwa dola 3,500, viwandani na jeshini, na Oktoba 2024 ikathibitika kwamba haitengenezwi tena.

Mnaona mwelekeo? Kila aliyeuza kioo angavu kwa bei inayofidia gharama yake alimkimbia mcheza gemu akaenda kwa mtu ambaye hedseti ananunuliwa na mwajiri. Daktari wa upasuaji hajali milioni 8, si zake.

Sasa njia ya kamera. Quest 3 ya Meta, wale wenye Facebook, Oktoba 2023, dola 499.99. Quest 3S, Oktoba 2024, dola 299.99, yaani kama laki saba na nusu. Apple Vision Pro, Februari 2024, dola 3,499, karibu milioni 8.75. Samsung Galaxy XR, Oktoba 2025, dola 1,799. Zote nne zinafanya kazi kwa kanuni moja. Inakuwaje moja iwe laki saba na nyingine milioni nane?

Sehemu ya jibu ni vifaa. Vision Pro ilitoka na skrini mbili zenye jumla ya pikseli milioni 23, kamera 12, chipu ya M2 ya kompyuta na nyingine ya R1 ya kushughulikia kamera na vihisi. Sehemu nyingine, na hii ndiyo hoja yangu, ni kwamba Apple anauza kifaa kwa faida na Meta anakubali kula hasara ili akuingize dukani kwake. Reality Labs, idara ya Meta ya hedseti na miwani, mwaka 2024 iliingiza kama dola bilioni 2.1 na ikapata hasara ya bilioni 17.7. Ukijumlisha 2020 hadi 2024, hasara inapita bilioni 60. Nikitenda haki, si hasara yote ni ya Quest, nyingi ni utafiti wa miwani ambayo bado haijafika sokoni. Lakini bei ya dola 300 haikutokana na teknolojia kuwa rahisi. Kuna mtu amesimama nyuma anaichangia, na mchangiaji akichoka bei inapanda. Hili limeshatokea: Quest 2 ilitoka 2020 kwa dola 299, na Agosti 2022 ikapandishwa hadi 399 ikiwa tayari na karibu miaka miwili sokoni. Bidhaa ya umeme tumezoea kuiona ikizeeka inashuka bei, hii ilipanda.

Msimamo wangu: AR ya gemu kwa bei ya mtu wa kawaida haitakuja kama mashine ya gemu. Nakaribisha mapigo.

---

SinaBando

Nimeweka kambi hapa na kiti changu.

---

Juma_wa_Chipu

Mkuu, uzi mzuri ila mfano wa simu umeuruka haraka. Mwaka 2007 iPhone ya kwanza ilikuwa dola 499 na 599, leo simu ya laki mbili na nusu inafanya mara kumi ya ile. Televisheni bapa vilevile. Kwa nini miwani iwe tofauti? Mpe Mchina miaka mitano.

---

Mzee_wa_Pikseli

Juma, Mchina ameshapewa, na nitamfikia.

Simu ilishuka kwa sababu uzito wa bei yake ulikuwa kwenye chipu na kumbukumbu, vitu ambavyo kila mwaka unabana zaidi kwenye nafasi ile ile. Kioo cha AR hakiko hivyo. Kile ni kazi ya mwanga: lazima kibebe picha, kiipanue, kiitoe sawasawa mbele ya macho mawili bila kupotosha rangi, na bado kibaki chembamba na angavu. Mwanga mwingi unapotea njiani, kwa hiyo unahitaji taa yenye nguvu, taa yenye nguvu inakula betri, betri kubwa inaleta joto na uzito usoni. Ukirekebisha kimoja, kingine kinaharibika. Orion, ile miwani ya majaribio ambayo Meta waliionyesha Septemba 2024, iliripotiwa kugharimu kama dola 10,000 kila moja kuitengeneza, na ndiyo maana hawakuiuza. Walichouza mwaka uliofuata ni Ray-Ban Display kwa dola 799, yenye skrini ndogo kwenye jicho moja. Inakuonyesha ujumbe na ramani. Zimwi nyuma ya kochi halimo.

Na tofauti ya pili: iPhone ya 2007 ulikuwa unapigia simu. Hata bila gemu ilikuwa na kazi. Hedseti isipokuwa na gemu inakaa kabatini.

---

Bi_Hesabu

Mleta uzi, mimi nitakupinga kutoka upande mwingine. Wewe unasema bei. Nasema bei imeshafika mahali pake na bado watu hawanunui kama ilivyotegemewa.

Angalia. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Quest 3 ilitoka kwa bei hiyo hiyo na haihitaji televisheni wala konsoli. Kama tatizo lingekuwa bei peke yake, zingekwenda sambamba. Sony wenyewe wameonja: PSVR2, hedseti ya kuchomeka kwenye PS5, ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, ghali kuliko konsoli inayoiendesha, na Machi 2025 wakashusha hadi 399.99. Mtu anayesukumwa na wateja mlangoni hashushi bei hivyo.

Na hizi tabiri za soko mnazopenda kuzibandika humu, jamani. Mwaka 2015 kampuni ya ushauri ya Digi-Capital ilisema AR na VR (ile inayokufungia ndani ya ulimwengu wa kompyuta, chumba chako hukioni) zitakuwa soko la dola bilioni 150 ifikapo 2020, na bilioni 120 kati ya hizo ni AR. Januari 2016 Goldman Sachs wakasema bilioni 80 ifikapo 2025. Miaka yote hiyo imefika na kupita, kila mtu anaona kilichopo. Mimi nikipewa ripoti yenye mstari unaopanda kama ngazi, naangalia kwanza aliyeilipia anauza nini.

---

Mzee_wa_Pikseli

Bi Hesabu, shikamoo kwa hiyo ya PSVR2, nilikuwa naiweka akiba.

Hatupingani sana. Mimi nikisema bei simaanishi tarakimu ya dukani tu. Namaanisha dola ngapi kwa saa za kucheza unazopata. PS5 ya dola 499 inachezwa miaka saba, na watu wanne wa nyumba moja. Hedseti ya dola 499 inachezwa mpaka shingo ichoke. Quest 3 ina gramu 515 usoni, Vision Pro inapita 600. John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu ya Doom, alipokuwa bado anawashauri Meta alisimama Oktoba 2022 akasema anataka hedseti ya dola 250 na gramu 250, mwezi wa Desemba akaondoka. Bei na uzito aliviweka kwenye sentensi moja kwa sababu kwa mchezaji ni gharama moja.

---

Kibanda_Kisauni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naongea kutoka Mombasa, nina kibanda cha gemu. Wateja wangu ni vijana wa mtaa na wengi ni mpira, mpira, mpira.

Watu wananiuliza kila siku kwa nini sileti "zile za kuvaa usoni". Nimepiga hesabu sana. Quest 3S ilitoka kwa kama shilingi 38,700 za Kenya kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Tuseme ikatua kwangu kwa elfu hamsini na kitu. Kwa pesa hiyo napata PS4 iliyotumika, televisheni na pedi za akiba. Hapo ndipo mjadala ungeisha, lakini nisikilizeni sababu kubwa zaidi.

Kibanda hakilipwi na anayecheza peke yake. Wawili wanacheza, wanne wamesimama nyuma wanapiga kelele, mmoja ananunua soda, mwingine anangoja zamu amalize aliyeshindwa. Kelele ile ndiyo biashara. Mtu akivaa hedseti, wale wanne wanamwangalia mwenzao anapapasa hewa. Dakika ya tatu washaondoka. Najua waweza kurusha picha kwenye televisheni, nimejaribu na ya rafiki yangu, lakini mshindani wake yuko wapi? Ili wawe wawili lazima ninunue mbili.

Betri ya Quest 3 nayo ni saa mbili na kidogo kwa wastani wanaoutaja Meta wenyewe. Mimi nafungua saa nne asubuhi mpaka usiku. Halafu joto letu la pwani, sponji ya usoni imeloa jasho la mtu wa kwanza, wa pili anaikubali vipi? Na ili AR iwe AR lazima kibanda kiwe na nafasi ya kutembea. Kibanda changu ni upana wa kontena. Zimwi litatokea wapi, juu ya friji?

---

SinaBando

"Zimwi litatokea wapi, juu ya friji" 😂😂 nimekufa.

---

Fundi_wa_Sini

Mimi ni mtengenezaji wa gemu, Arusha, gemu ndogo za simu. Nitaongezea upande ambao wateja hawauoni.

Gemu ya AR ni jinamizi kwa anayeibuni. Nikitengeneza ramani ya gemu ya kawaida, najua mlango uko wapi, adui anajificha wapi, mchezaji anaruka umbali gani. Kwenye AR ramani ni sebule ya mtu nisiyemjua. Mmoja ana ukumbi, mwingine ana chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi na ndoo. Gemu lazima iende kote. Matokeo yake unaishia kubuni kitu chepesi sana: vitu vinatoka ukutani, unavipiga. Meta walipotoa Quest 3 waliweka ndani yake onyesho la bure liitwalo First Encounters, na ni hicho hicho, vijitu vinavunja ukuta wako unavipiga. Zinafurahisha dakika kumi za kwanza, unamwita mke aone, basi.

Ndiyo maana hata kwenye Quest pesa kubwa haiko kwenye AR. Gorilla Tag, ambayo ni VR kamili na picha zake ni za kizamani makusudi, mapato yake ya jumla tangu itoke yalivuka dola milioni 100 mwaka 2024. Ni ya bure kuingia, watoto wananunua kofia na mapambo humo ndani. Haikutaka sebule ya mtu.

Na AR iliyotajirisha watu kweli iko kwenye simu. Pokémon GO ya Niantic, ile ya kutembea mtaani ukikamata viumbe, Julai 2016. Mchezaji hakununua kifaa chochote kipya, simu anayo, GPS anayo. Hata hapo wengi walizima kamera wakacheza kwa ramani tu, maana kamera inakula betri. Waliojaribu kuiga wakaanguka: Minecraft Earth ya Microsoft ilifungwa Juni 2021, ile ya Harry Potter ya Niantic wenyewe ikafungwa Januari 2022. Mwaka 2025 Niantic wakauza idara yao ya gemu kwa Scopely, kampuni inayomilikiwa na pesa za Saudia, kwa dola bilioni 3.5. Kampuni iliyoijua AR kuliko wote iliuza gemu ikabaki na biashara ya ramani. Mimi hapo nilipata ujumbe wangu.

Kingine: mimi nikiweka gemu kwenye duka la Meta wanakata asilimia 30. Hiyo si mbaya, kila duka linakata chake. Ubaya ni kwamba kwenye simu sehemu yangu inatoka kwa watu wengi mno, na huko inatoka kwa wachache ambao wengi wao ni watoto wanaotaka vya bure. Studio kubwa zimeshahisi. Meta walifunga Ready at Dawn Agosti 2024, na Januari 2026 wakafunga nyingine tatu: Armature, Sanzaru na Twisted Pixel. Zote walizinunua wenyewe kwa pesa zao.

---

Juma_wa_Chipu

Fundi, kwa hiyo unasema hakuna hata mmoja aliyebuni hedseti ya AR kwa ajili ya gemu tangu mwanzo?

---

Fundi_wa_Sini

Wapo, na kisa chao ni kitamu. Jeri Ellsworth na Rick Johnson walikuwa Valve, wale wenye Steam. Walipoachishwa kazi mwaka 2013, Gabe Newell akawaruhusu waondoke na teknolojia waliyokuwa wakiifanyia utafiti. Wakachangisha zaidi ya dola milioni 1 mtandaoni kwa jina la castAR. Kampuni ikafa 2017. Ellsworth hakukata tamaa, akarudi 2019 na Tilt Five, safari hii seti ya miwani moja ikauzwa dukani kwa dola 359.

Waliwezaje bei hiyo? Walikwepa kile kioo cha gharama. Miwani ina projekta ndogo zinazomulika ubao uliotandikwa mezani, ubao una kitambaa kinachorudisha mwanga pale pale ulikotoka, kwa hiyo kila mvaaji anaona picha yake tu. Picha pana, nyepesi machoni, mkikaa watatu mezani kila mtu anaona ngome kwa upande wake. Hii ingemfaa hata ndugu yangu wa Kisauni, ina mpinzani mbele yako. Lakini ukiinua macho kutoka kwenye ubao, hakuna kitu. Na gemu zake ni chache, kwa sababu nilizotaja juu.

---

Mzee_wa_Pikseli

Fundi umenisaidia mno. Tilt Five ndiyo ushahidi wangu bora: waliopata bei ya mchezaji waliipata kwa kukata sehemu ya AR. Meta walikata kioo wakaweka kamera. Tilt Five walikata chumba wakabaki na meza. Na sasa twende kwa Mchina wa Juma, aliyekata zaidi ya wote.

Xreal, zamani Nreal, mwanzilishi wake Chi Xu alipita Magic Leap. Magic Leap waliwashtaki mwaka 2019, kesi ikatupwa. Miwani yao Xreal One ilitoka kwa dola 499, gramu 84, upana wa picha nyuzi 50. Ni miwani kweli, ukiivaa kwenye daladala utaonekana mtu mwenye miwani minene tu. Inachomekwa kwa waya wa USB-C kwenye simu, laptopu au konsoli ya mkononi kama Steam Deck, na mbele yako inatokea skrini kubwa iliyoganda hewani. Haina kompyuta ya gemu ndani, haina zimwi, haielewi kochi liko wapi.

Watu watasema hiyo si AR. Mimi nasema ndiyo biashara yenyewe.

---

Mswahili_Maskati

Sheikh, hapo nimeamka. Niko Maskati, nafanya kazi za zamu na nakaa chumba kimoja na wenzangu wawili. Televisheni ni ya wote na wote wanataka mpira wa Hispania.

Nina miwani ya aina hiyo mwaka sasa. Steam Deck mkononi, miwani machoni, nimelala chali kitandani nacheza usiku na hakuna ninayemsumbua. Gemu ni zile zile nilizokwisha nunua, sikununua hata moja mpya kwa ajili ya miwani. Hilo ndilo lililonishawishi kuliko ubora wa picha.

Kasoro zipo. Mchana karibu na dirisha picha inafifia, maana kioo angavu hakiwezi kuchora rangi nyeusi, nyeusi kwake ni kuona nyuma tu. Maandishi madogo pembeni yanakuwa na ukungu. Waya unakera. Mwenye macho yenye namba lazima achonge lenzi za ndani, na mimi duka la kwanza waliniharibia wakakataa kurudisha pesa. Lakini naitumia karibu kila siku, wakati mwenzangu mwenye hedseti kubwa ya kufunika uso anaitoa kabatini tukipata wageni tu.

---

Bi_Hesabu

Huyu wa Maskati amejibu swali la soko kuliko ripoti zote. Miwani ikiwa skrini, mtengenezaji hahitaji kushawishi hata studio moja itengeneze gemu mpya. Mzigo wa maktaba ya gemu unaondoka mabegani mwake. Hicho ndicho kilichowaua wote wa mwanzo: kifaa hakina gemu kwa sababu hakina watu, hakina watu kwa sababu hakina gemu, na anayetaka kukata mduara huo lazima awe na mabilioni ya kupoteza kama Zuckerberg.

Swali langu moja. Skrini ya kuvaa kwa dola 499, si televisheni ya inchi 43 ni nafuu zaidi?

---

Mzee_wa_Pikseli

Ni nafuu, na ndiyo maana sitabiri mapinduzi. Miwani hii ni ya mtu asiye na nafasi ya televisheni au asiye na mamlaka juu yake: wa bweni, wa safari ndefu, wa chumba cha watatu. Kundi hilo si dogo, ila si kila nyumba. Naona linakua polepole, na wakubwa wameanza kulinusa. Januari 2026 kule Las Vegas ASUS wakishirikiana na Xreal walionyesha ROG Xreal R1, miwani ya aina hii yenye skrini ya 240Hz (inabadilisha picha mara 240 kwa sekunde), imelengwa moja kwa moja kwa wacheza gemu. ASUS ndio wenye ROG Ally, kwa hiyo wanauza konsoli ya mkononi na skrini yake. Hapo hakuna anayechangia hasara, kila kipande kinauzwa kwa bei yake.

AR kamili, ile ya zimwi, naiona ikipenya kwa mlango wa pembeni: miwani itauzwa kwa ramani, tafsiri na kamera, na ikishakuwa usoni kwa watu wengi ndipo akina Fundi watapata sababu ya kuitengenezea gemu. Kama ilivyokuwa kwa simu, hakuna aliyenunua Nokia kwa sababu ya gemu ya nyoka.

---

Kibanda_Kisauni

Mimi nilinunua kwa sababu ya nyoka.

---

Juma_wa_Chipu

😂 Haya wazee, nimekubali nusu. Nusu nyingine tutaonana 2030.

Swali la vitendo: nina milioni moja na laki tatu, niko Dar, nataka kuonja kitu mwaka huu. Nichukue nini?

---

Mzee_wa_Pikseli

Juma, inategemea una nini nyumbani.

Kama huna konsoli wala kompyuta ya gemu, Quest 3S. Inajitosheleza, na ile laki saba na nusu iliyotoka nayo ikifika Kariakoo kupitia Dubai ikavaa faida ya kila mkono bado itabaki chini ya bajeti yako. Jua tu kwamba Meta hawaiuzi rasmi hapa, kwa hiyo dhamana haikufuati, na akaunti na malipo utahangaika navyo kama tunavyohangaika na PSN, mtandao wa PlayStation, ambao Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zake. Na kama unamnunulia mtoto, Meta wanaruhusu kuanzia miaka 10, tena kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi.

Kama tayari una Steam Deck, Ally au laptopu nzuri, chukua miwani.

---

Mswahili_Maskati

Naongezea hapo, kaka Juma. Usimwamini muuzaji akikwambia "inashika simu yoyote". Simu lazima iwe inatoa picha kupitia tundu la USB-C, na Tecno na Infinix nyingi za bei ya kati hazitoi, tundu lao ni la chaji na mafaili tu. Nenda na simu yako dukani, chomeka, ukiona giza usitoe hela.